Tunapokanusha kisichokuwepo

Muislamu huanza tamko la imani yake kwa kukanusha: hapana mola apasaye kuabudiwa kwa haki. Kisha ndipo huthibitisha: ila Allah. Wanazuoni wa mantiki walisimama kwenye nusu ile ya kwanza, wakauliza swali linaloonekana la kitoto. Tukisema "mshirika wa Mwenyezi Mungu ni muhali", tunamzungumzia nani? Ikiwa hayuko, hakuna wa kuambiwa ni muhali. Ikiwa yuko, tawhidi imeingia ufa.

Mzozo ulianzia kwenye neno "kitu". Mu'tazila wengi walisema kuwa kisichokuwepo, maadamu chaweza kuwepo, ni kitu hata kabla ya kuumbwa. Waliitegemea aya ya kwanza ya Suratul Hajj, ambapo tetemeko la Kiyama, ambalo halijaja bado, limeitwa kitu kikubwa. Maash'ari wakakataa, wakishika aya ya 9 ya Surat Maryam, ambapo Nabii Zakariya anakumbushwa kwamba aliumbwa ilhali hakuwa kitu. Hawakuwa wakigombania maneno matupu. Iwapo vitu ni vitu tangu azali, basi kuumba kunabaki kuwa kuvivisha tu vazi la kuwepo. Na hoja hiyo, kwa maoni yangu, Mu'tazila hawakuijibu vya kutosha.

Ibn Sina, aliyefariki mwaka 428 Hijria (1037), alilichambua jambo hili katika Ilahiyat ya kitabu chake Al-Shifa. Kitu chaweza kukosekana nje na bado kikawepo akilini. Tukisema Kiyama kitakuja, habari hiyo inaegemea maana tuliyo nayo akilini. Ama kisichokuwepo popote, nje wala akilini, hakitolewi habari. Msomaji makini atauliza papo hapo: je, kusema "hakitolewi habari" si kukitolea habari?

Kanuni moja ya mantiki inasaidia. Sentensi ya kuthibitisha huhitaji kinachosemwa kiwepo. Ya kukanusha haihitaji. "Zimwi ni refu" ni uongo. "Zimwi si refu" ni kweli, si kwa kuwa ni fupi, bali kwa kuwa halipo. Kwa hiyo "hapana mola" haimpi uhai yeyote anayekanushwa. Lakini "ni muhali" ina umbo la kuthibitisha, na hapo kanuni hiyo peke yake haitoshi.

Mulla Sadra wa Shiraz, aliyefariki mwaka 1640, alitofautisha maana yenyewe na kile ambacho maana hiyo ingekisadifu. Neno "kimya" likitamkwa lina sauti, ingawa maana yake ni kukosekana kwa sauti. Vivyo hivyo "mshirika wa Mungu", ikiwa akilini mwetu, ni fikra tu, nayo imeumbwa kama fikra nyingine zote. Hukumu ya muhali haiiangukii fikra hiyo, bali yule ambaye angelazimika kuwepo lau ingepata wa kuisadikisha, na wa kuisadikisha hapatikani. Hali kadhalika "kisichokuwepo kabisa": kwa maana yake hakitolewi habari, lakini kikiwa fikra tayari kipo akilini, na hapo ndipo habari yake inaposhika.