Chemsha maji, okoa kuni: mama afuate lipi?



Mwezi uliopita nilipita nyumba kwa nyumba hapa Nakivale, kama ilivyo kazi yetu wahamasishaji wa afya. Siku ya kwanza nilifundisha kuchemsha maji ya kunywa. Siku ya pili nilirudi katika nyumba zile zile na somo la mazingira: tumia jiko la udongo, kausha kuni, usikate mti mbichi. Mama mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, jana uliniambia niwashe moto. Leo unasema niupunguze. Nimfuate yule wa jana au huyu wa leo?"

Nilimwambia, "Pole mama, nitauliza." Nilikwenda kuuliza kweli, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na hesabu. Kwenye mafiga matatu, kuchemsha lita 1 ya maji kunaweza kula karibu kilo 1 ya kuni. Familia ya watu 7, kila mmoja akinywa lita 2 kwa siku, inahitaji lita 14. Piga hesabu ya mzigo huo kichwani, na hapo maharagwe bado hayajawekwa motoni. Vilima vinavyozunguka ziwa letu tunaviona vilivyo. Mti ukiondoka, mvua inasukuma udongo mpaka ziwani, maji yanachafuka, na kuyasafisha kunakuwa kugumu zaidi. Isingiro nayo ni sehemu ya ukanda mkavu wa wafugaji, ambako mvua ikikosa msimu wake kila mtu anaona.

Je, kosa ni la mama mwenye sufuria? Mimi sipendi zile picha za mwanamke aliyebeba kuni, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu hali ya hewa ya dunia. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa duniani. Mama huyu anatumia kuni kwa sababu hakuna nishati nyingine anayoimudu.

Lakini usiache jiko la udongo. Faida yake ya kwanza ni kifua cha mtoto wako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walizidi 237,000. Loweka maharagwe usiku kucha, funika sufuria, pasua kuni na uzianike. Hayo yako mikononi mwako leo.

Kuna mengine hayako mikononi mwako. Maji yaliyosafishwa na kutiwa klorini, yakifika bombani na miligramu 0.2 hadi 0.5 za klorini kwa kila lita, hayahitaji kuchemshwa, mradi dumu ni safi na lina kifuniko. Tangi moja likitiwa dawa sawasawa, moto wa nyumba nyingi unazimika. Mimi ningefundisha mwaka mzima nisifikie hapo.

Tatizo ni bomba kukauka. Katika vijiji ninavyopita, kuna siku ambapo foleni inaanza alfajiri na saa sita mchana hakuna tone. Ndipo watu wanashuka ziwani. Maji hayo usiyanywe hivi hivi. Yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote au tumia vidonge vya dawa. Mwaka 2018 kipindupindu kiliwapata ndugu zetu waliovuka Ziwa Albert kutoka Ituri na kupokelewa Kyangwali. Kuni ni ghali, lakini ugonjwa huo ni ghali zaidi.

Nilipolileta jambo hili kwenye kikao, niliulizwa: bomba lilikauka siku ngapi? Sikuwa nimeandika, na malalamiko yangu yakaishia pale.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji. Kila siku bomba lako likikauka, chora alama ya mkaa ukutani karibu na mlango. Andika pia madumu uliyopata siku hiyo; dumu la njano ni lita 20, na lengo la makambi ni lita 20 kwa kila mtu kwa siku. Mwisho wa mwezi tutapita kuhesabu alama, na kamati ya maji ya kijiji itazipeleka kikaoni. Yule mama ameshaanza. Nilipopita juzi, ukuta wake ulikuwa na alama tisa.