Kwa Nini Chupa ya Sabuni Hupasuka Ikiwa Rafuni?

Ni jambo linalowashangaza wajasiriamali wengi. Chupa ya sabuni ya maji imejazwa, imefungwa na kupangwa rafuni. Haikuanguka wala kugongwa. Baada ya wiki kadhaa kitako chake hukutwa kimepasuka na sabuni imetapakaa sakafuni. Kwa kikundi kilichoanza na mkopo wa Halmashauri, unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, hasara hiyo si ndogo: sabuni humwagika, lakini rejesho hubaki palepale.

Wengi hudhani chupa ilikuwa mbovu tangu kiwandani. Mara nyingi chanzo ni mambo mawili yanayokutana: msongo uliomo ndani ya plastiki na kimiminika kinachoigusa.

Plastiki imeundwa kwa minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana kama nyuzi za kamba. Mahali ilipovutwa au kukunjwa, hasa kitakoni, shingoni na kwenye mshiko, minyororo hiyo hubaki imekazika. Sabuni hupenya hapo taratibu na kuilegeza hadi iachane. Huanza nyufa ndogo, zikaungana, kisha chupa hupasuka ghafla. Joto huharakisha hali hiyo, na sisi tunaoishi katika bonde la Rukwa joto tunalifahamu. Ndiyo maana viwanda hupima uimara wa plastiki kwa kukunja vipande vyake na kuvitumbukiza katika maji ya sabuni yenye joto la nyuzi 50 za Selsiasi.

Chupa za soda na maji, zenye namba 1 ndani ya pembetatu kitakoni, zina udhaifu wa ziada: kostiki soda hula plastiki yake. Sabuni iliyozidishiwa kostiki soda huziharibu mapema. Madumu na chupa zenye namba 2 huihimili kostiki soda vizuri zaidi, ila nayo hupasuliwa na sabuni yanapolemewa na mzigo.

Ili kuepuka hasara, wajasiriamali wanashauriwa:

1. Kutumia chupa mpya, nene, zenye namba 2.
2. Kupima kostiki soda kwa mizani, si kwa kukadiria.
3. Kuiacha sabuni ipoe kabla ya kuijaza, na kubakiza nafasi juu.
4. Kutopanga chupa moja juu ya nyingine, na kutokaza vifuniko kupita kiasi.
5. Kuhifadhi bidhaa kivulini, kwani jua nalo hudhoofisha plastiki.
6. Kukagua vitako kila wiki. Mistari myeupe au nyufa ni dalili ya kuhamisha sabuni mara moja.

Nyumbani vilevile, dumu la maji lisilowekwe kwenye sabuni usiku kucha. Lioshwe na kusuuzwa vizuri.

Kubwa zaidi ni usalama. Kostiki soda, petroli au viuatilifu visiwekwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa. Chupa hiyo inaweza kuvuja, na mtoto hawezi kutofautisha kilichomo. Kostiki soda ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha mgonjwa apelekwe haraka katika kituo cha huduma za afya.

Chupa bora ina gharama, lakini gharama hiyo ni nafuu kuliko sabuni iliyomwagika.