Eddington, Marafiki na nuru mbili

Ukishika barabara ya Webuye kwenda Kitale utapita Lugulu, penye hospitali ya misheni na shule ya upili ya wasichana. Zote mbili zina asili katika kazi ya Marafiki, dhehebu linalojulikana pia kama Quaker. Wamishonari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ni miongoni mwa nchi zenye Marafiki wengi zaidi duniani. Wanafundisha kwamba ndani ya kila mtu mna nuru ya Mungu, na mtu anaweza kuijua mwenyewe moja kwa moja.

Siku hizi kuna madai yanayozagaa kwenye simu kwamba fizikia ya kwantamu imethibitisha mambo ya roho: eti elektroni hubadili mwenendo ikitazamwa, basi akili ya mtu ndiyo inayoumba ulimwengu. Ni rahisi kwa muumini wa nuru ya ndani kuyapokea. Lakini katika fizikia, "kutazama" ni kupima. Ili kujua elektroni ilipo, kwa kawaida kitu huathiriana nayo, hata kama ni chembe moja ya mwanga, na kupimwa huko hubadili hali yake. Kipimo kikifanywa na mashine katika chumba kisicho na mtu, matokeo ni yale yale.

Aliyeelewa vizuri mpaka kati ya fizikia na imani alikuwa Rafiki: Arthur Eddington, mwanafalaki wa Cambridge. Tarehe 29 Mei 1919 alikuwa kisiwani Principe, magharibi mwa Afrika, kupiga picha nyota zilizo karibu na jua lililopatwa. Einstein alikuwa ametabiri kwamba mwanga wa nyota ukipita kando ya jua utapinda kwa sekunde 1.75 za pembe, sawa na upana wa sarafu ya sentimita 2 ukiitazama kutoka zaidi ya kilomita 2. Hesabu iliyofuata Newton ilitoa nusu ya hapo. Mawingu yalitanda. Kati ya vibao 16 vya picha, viwili tu vilifaa. Eddington alivipima akapata takriban 1.6, huku akikiri wazi kwamba kosa linaweza kufika 0.3.

Mtu huyo huyo aliandika sana juu ya uzoefu wa kiroho, na mwaka 1929 aliwahutubia Marafiki wenzake kuhusu sayansi na ulimwengu usioonekana. Alisema fizikia hutupa usomaji wa vyombo na uhusiano wa namba, wala haisemi kilicho nyuma ya namba ni nini. Hata hivyo, alikataa katakata kuigeuza fizikia iwe ushahidi wa dini. Kwake, anayesali anamjua Mungu kwa kusali, kama vile mtu anavyojua furaha kwa kufurahi.

Naona alikuwa sahihi, tena kwa manufaa ya imani yenyewe. Nadharia ya Newton ilitawala zaidi ya miaka 200. Kama Marafiki wangekuwa wamejenga imani yao kwa Mungu juu ya nadharia hiyo, wangefanya nini tarehe 6 Novemba 1919, vipimo vile viliposomwa London vikimuunga mkono Einstein dhidi ya Newton?