Ajali si kosa lako, mbona ada ya bima yapanda?

Lori lililobeba kontena linaingia Changamwe kutoka upande wa Miritini, likielekea bandari ya Kilindini. Mbele yake gari dogo limesimama kwenye foleni. Breki za lori zinachelewa kushika na gari dogo linagongwa kwa nyuma. Polisi wanafika, na hakuna anayebisha kwamba mkosaji ni dereva wa lori. Hata hivyo, mwaka unapokwisha na mwenye gari dogo kwenda kwa wakala wake kulipia bima upya, anaambiwa ada imepanda.

Kisa kama hicho chaweza kumpata dereva yeyote Changamwe, Likoni au Kisauni, na huonekana kuwa dhuluma tupu. Sababu yake imo katika jina la nafuu ambayo baadhi ya kampuni za bima huwapa wateja. Nafuu hiyo ni punguzo la kutodai. Si punguzo la kutokosea. Mteja anayemaliza mwaka bila kudai fidia hupunguziwa ada ya mwaka unaofuata. Akidai, punguzo hukatika au husimamishwa, hata kama ajali ilisababishwa na mwingine, hadi kampuni yake itakapozirejesha fedha zote ilizolipa.

Chukulia mfano wa gari lenye thamani ya Sh1.2 milioni, ambalo ada yake ya bima kamili ni asilimia 5, yaani Sh60,000. Mwenyewe akiwa na punguzo la asilimia 20, hulipa Sh48,000. Tuseme pia mkataba unamtaka abebe mwenyewe Sh30,000 za mwanzo katika kila hasara. Iwapo matengenezo yatagharimu Sh40,000, kampuni itamlipa Sh10,000 pekee, ilhali atapoteza punguzo la Sh12,000. Amedai haki yake na bado amepata hasara. Lakini matengenezo yakifika Sh300,000, hesabu hugeuka na kudai huwa na maana.

Kampuni ikishalipa, sheria huiruhusu kusimama mahali pa mteja wake na kumwandama mkosaji au kampuni iliyompa bima. Ikifanikiwa kurejesha fedha zote, mteja ana msingi wa kuomba arudishiwe punguzo lake. Hapo ndipo mambo hukwama. Mkosaji akiwa mwendeshaji wa bodaboda au tuktuk asiye na bima, huenda asiwe na chochote cha kulipa. Yaweza pia kutokea mahakama igawe lawama, kwa mfano asilimia 80 kwa mmoja na 20 kwa mwingine. Katika hali hiyo, sehemu ya hasara hubaki katika hesabu ya yule aliyejiona hana kosa.

Mwenye bima ya mtu wa tatu pekee yuko katika hali tofauti. Kampuni yake haitengenezi gari lake hata kidogo. Hana budi kumdai mkosaji. Na si kila cheti cha bima cha mkosaji humhakikishia malipo, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, humlazimu mwenye gari kuwa na kinga ya kifo na majeraha ya watu wengine. Uharibifu wa mali hutegemea mkataba na kikomo kilichoandikwa humo.

Hatari nyingine ni kuporomoka kwa kampuni ya mkosaji. Wakenya waliwahi kuyaona hayo United Insurance ilipowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Wadai wengi waliachwa njia panda.

Nini basi cha kufanya? Sheria ya Trafiki hutaka ajali iripotiwe kwa polisi haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Hati ya polisi ijulikanayo kama abstrakti ndiyo msingi wa dai lolote. Nambari za magari, jina la kampuni ya bima ya mkosaji, picha na simu za mashahidi zichukuliwe papo hapo, kabla lori halijaondoka kwenda bandarini au gari la mkosaji kupanda feri ya Likoni.

Pili, kampuni ya mwathiriwa ijulishwe hata kama hataki kudai. Kujulisha si kudai, na kunyamaza kwaweza kumponza iwapo yule mwingine atamgeuzia kibao baadaye.

Tatu, dai lipelekwe moja kwa moja kwa kampuni ya mkosaji inapowezekana. Ikikataa au ikikawia, mkosaji mwenyewe aweza kushtakiwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza kesi zisizozidi Sh1 milioni na hutakiwa kuamua katika siku 60. Kesi ya uharibifu wa aina hii sharti ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kupita.

La mwisho ni swali la kumwuliza wakala kabla ya kulipa, si baada ya kugongwa: je, mkataba huu una punguzo la kutodai, na nikigongwa bila kosa langu, litarudishwa lini? Jibu na liandikwe.