Kutoka London Hadi Paris: Safari ya Ndege ni ya Muda Gani?

Mji wa London, Uingereza, na mji wa Paris, Ufaransa, umetenganishwa na mwendo wa maili 214, yaani kilomita 344, ukipimwa kwa mstari ulionyoka. Ndege kubwa ya abiria yaweza kwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Basi mtu akipiga hesabu upesi atasema kwamba safari hiyo ni ya nusu saa tu. Lakini hesabu hiyo si sahihi, na yafaa tueleze sababu zake.

Huduma ya kila siku ya ndege za abiria kati ya miji hiyo ilianza tarehe 25 Agosti, 1919. Ndege ndogo iliondoka kiwanja cha Hounslow ikiwa na abiria mmoja, mwandishi wa gazeti, pamoja na shehena ya magazeti, ngozi na malai, ikashuka Le Bourget baada ya muda wa saa mbili na nusu hivi. Watu walistaajabu, maana safari ya gari la moshi na meli ilichukua karibu kutwa nzima.

Siku zile rubani alijiongoza kwa kutazama chini, akifuata barabara na njia za reli. Desturi hiyo ilileta msiba. Tarehe 7 Aprili, 1922, ndege mbili, moja ikitoka London na nyingine ikitoka Paris, ziligongana katika ukungu juu ya Picardie, Ufaransa, nao watu wote saba waliokuwamo wakafa. Baada ya hayo ziliwekwa kanuni za njia za angani, kila ndege ishike upande wake.

Siku hizi ndege hukaa angani kwa dakika hamsini hivi, kwa kuwa haina budi kupanda polepole na kushuka polepole. Katika ratiba huandikwa saa moja na robo, maana muda huhesabiwa tangu ndege ianzapo kuondoka mahali iliposimama. Tena, saa za Paris hutangulia za London kwa saa moja. Aondokaye London saa nne asubuhi hufika saa sita na robo kwa saa ya Paris, naye asidhani kwamba ndege imechelewa.

Lakini viwanja vya Heathrow na Charles de Gaulle viko mbali na katikati ya miji, na abiria hutakiwa afike kiwanjani mapema. Akihesabu yote, tangu mlangoni pake hadi mlangoni pa mwenyeji wake, huona zimepita saa tano hivi.

Ndiyo sababu wengi hupanda gari la moshi lipitalo katika njia iliyochimbwa chini ya bahari, iliyofunguliwa mwaka 1994. Njia hiyo ina urefu wa kilomita 50, na 38 kati ya hizo zimo chini ya bahari. Gari hilo huchukua saa mbili na robo hivi, likitoka mjini na kuingia mjini. Abiria wake pia hukaguliwa hati za kusafiria, lakini mara nyingi hutangulia kufika.

Basi atakaye kujua urefu wa safari asihesabu maili peke yake, wala mwendo wa ndege peke yake. Ahesabu tangu afungapo mlango wake.