Kabla ya kununua nozeli, chunguza waya kwanza

Je, gari lako la zamani limeanza kutetemeka likisimama kwenye taa za barabarani na kuishiwa nguvu mlimani? Usikimbilie Barabara ya Kirinyaga kununua vipuri. Yamkini injini yako inatumia silinda tatu badala ya nne, na kinachoizuia hiyo ya nne huenda ni waya tu.

Tuchukue mfano wa Toyota Corolla za miaka ya 1990, ambazo bado tunazo mabarabarani. Nyingi ya zile zisizo na kabureta zina nozeli moja kwa kila silinda, na kila nozeli ina soketi ya nyaya mbili. Waya mmoja huleta umeme wa betri mara tu unapowasha swichi. Wa pili huenda kwa kompyuta, ambayo huunganisha na kukata umeme huo mara kadhaa kwa sekunde. Kila inapounganisha, nozeli hufunguka na kunyunyiza petroli.

Sasa fikiria miaka 25 au zaidi ya joto la injini. Ganda la waya hukauka na kupasuka, na shaba ya ndani hukatika, mara nyingi karibu na soketi, huku kwa nje waya ukionekana mzima. Panya nao hupenda kujificha chini ya boneti, na meno yao unayajua.

Mwambie fundi wako ahakikishe kwanza kwamba plagi zinatoa cheche, maana kasoro ya plagi ni ya kawaida zaidi. Kisha injini ikinguruma polepole, achomoe soketi za nozeli moja baada ya nyingine. Ukichomoa ya silinda nzima, injini hulegea. Ukichomoa na injini isibadilike hata kidogo, hapo ndipo penye ugonjwa. (Plastiki ya soketi hizi imezeeka, asiivute kwa nguvu.)

Hapa ndipo pesa za karo huteketea. Fundi mwenye haraka atakwambia, "Leta nozeli nyingine," na ukiileta gari litaendelea kutetemeka vile vile. Mwambie azime injini, achukue mita ya umeme na kuipima nozeli yenyewe. Kwenye Corolla hizo, ikiwa baridi, huonyesha omu 13 au 14 hivi. Ikiwa hivyo, koili yake ni nzima, apime soketi. Swichi ikiwa imewashwa, waya mmoja sharti uwe na volti 12 hivi. Usipokuwa nazo, waya huo umekatika mahali. Zikiwepo, atumie kitaa kidogo kilichotengenezwa kwa kazi hii: kisipometa injini ikizungushwa, shida iko kwenye waya wa pili au kwenye kompyuta. Waya huo upimwe kutoka mwanzo hadi mwisho, betri ikiwa imefunguliwa na soketi ya kompyuta kuchomolewa, huku ukitikiswa. Kompyuta ni ya mwisho kushukiwa.

Vipimo hivi havihitaji kufungua mfereji wa petroli. Fundi akianzia hapo, mzuie, kwa sababu petroli hiyo imo kwa shinikizo na injini ikiwa moto inaweza kulipuka. Usimruhusu pia kutumia balbu kubwa ya taa za mbele kama kipimo, kwani inaweza kuunguza kompyuta.

Kuna hali moja isiyongoja. Waya wa kompyuta ukichubuka na kugusa chuma cha injini, nozeli hubaki wazi daima. Utanusa petroli na kuona moshi mweusi, nayo petroli itateremka kuchanganyika na oili. Gari la namna hiyo lisiendeshwe, hata kufika gereji.

Waya uliokatika uunganishwe kwa risasi ya kuchomea na kufunikwa vyema, si kusokotwa na kuzungushiwa utepe. Kisha mwambie fundi autikise tena injini ikinguruma, kabla hujamlipa.