Skana Bapa ya Bei Nafuu: Namna ya Kuipima Kabla ya Kuinunua

Mtahiniwa, ukifika mada ya vifaa vya kuingizia data, usiipite skana harakaharaka kwa kuwa daftari lako limeipa mistari mitatu tu. Swali la maana ya skana ni jepesi na alama zake ni chache. Linalowakwamisha wengi ni lile linalokuja kama kisa. Soma hili:

"Ofisi ya SACCOS yenye wanachama 200 inataka kuhifadhi kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Ina fomu za uanachama za ukubwa wa A4, vitambulisho, picha za pasipoti, na leja nene iliyojalidiwa. Dukani kuna skana mbili bapa. Ya kwanza ina ukali wa nukta 2400 kwa inchi, ya pili nukta 4800, na ya pili ni ghali zaidi. Ishauri ofisi inunue ipi. Toa sababu."

Jibu linaloandikwa mara nyingi ni hili: "Inunue ya pili kwa sababu ina nukta nyingi, hivyo ni bora." Mwanafunzi huyo amesoma boksi la skana, hakusoma kazi ya ofisi. Tuanze na kinachofanyika chini ya kile kioo.

Skana bapa ni kisanduku chembamba chenye kioo juu na kifuniko. Unalaza karatasi, upande wenye maandishi ukitazama chini. Ndani kuna ufito wenye taa na vihisi, unaovutwa na mota kutoka mwanzo wa kioo hadi mwisho. Taa inamulika mstari mmoja mwembamba wa karatasi. Sehemu nyeupe zinarudisha mwanga mwingi, na wino mweusi unarudisha kidogo sana. Vihisi vinageuza mwanga huo kuwa umeme, kisha umeme unageuzwa kuwa namba. Ufito unasogea kidogo na kurudia tena, mstari kwa mstari, mpaka ukurasa wote unakuwa namba tupu ambazo kompyuta inazionyesha kama picha.

Idadi ya nukta ambazo vihisi vinaweza kuzitofautisha katika inchi moja ndiyo ukali wa skana. Kwenye boksi huandikwa dpi. Jihadhari hapa, maana mabonde ni mawili. Kuna ukali halisi, unaotokana na vihisi vyenyewe, na kuna ukali wa kukisia, ambao programu inajaza nukta za katikati kwa kubahatisha kutokana na jirani zake. Huo wa pili unaweza kufikia maelfu mengi na hauongezi hata herufi moja iliyokuwa haisomeki. Linganisha skana kwa ukali halisi peke yake.

Sasa chukua kalamu. Karatasi ya A4 ina upana wa inchi 8.27 na urefu wa inchi 11.69. Ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi unapata nukta 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu. Zizidishe: 2480 × 3508 = 8,699,840. Kila nukta ya rangi huchukua biti 24, yaani baiti 3, kwa hiyo ukurasa mmoja kabla ya kubanwa ni baiti 26,099,520, karibu megabaiti 26. Kwa kijivu, baiti moja kwa nukta, ni megabaiti 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu, biti moja kwa nukta, ni megabaiti 1.1 hivi.

Ukipandisha ukali mara mbili, nukta huongezeka mara nne, kwa sababu zinaongezeka kwa upana na kwa urefu pia. Watahiniwa wengi huzidisha kwa mbili na kupoteza alama papo hapo. Kutoka 300 hadi 4800 ni mara 16. Mara 16 kwa upana na mara 16 kwa urefu ni mara 256. Megabaiti 26.1 × 256 ni takriban gigabaiti 6.7 kwa karatasi moja. Fomu 200 za SACCOS zitadai zaidi ya gigabaiti 1,300. Hakuna karani mwenye akili zake atakayefanya hivyo, hasa kwa kuwa nukta 300 zinatosha kabisa kusomeka, kuchapishwa tena, na hata kutumiwa na programu inayogeuza picha ya maandishi kuwa maandishi ya kuhaririwa. (Ukiitumia programu hiyo kwa Kiswahili, hakiki kila "ng'" yenye ritifaa. Alama ndogo kama hiyo ni rahisi kupotea, na "ng'oa" ikawa "ngoa".)

Je, ukali mkubwa hauna kazi? Unayo, pale unapotaka kukuza kitu kidogo. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ukitaka kuichapa mara nne zaidi, iwe ya sentimita 14 kwa 18, bado ikiwa na nukta 300 kwa inchi, lazima uiskani kwa 300 × 4 = 1200. Skana ya nukta 2400 inafanya kazi hiyo na kubakisha. Ili uzitumie nukta zote 4800 ungepaswa kuikuza picha hiyo mara 16, yaani sentimita 56 kwa 72, ukubwa wa bango. Na hapo utagundua kwamba picha yenyewe haina undani huo, kwa hiyo utakuwa umekuza ukungu.

Mfano wa madukani: Canon CanoScan LiDE 300 ina ukali halisi wa 2400, na ndugu yake LiDE 400 ina 4800. Zote mbili hupata umeme kupitia waya uleule wa USB unaopeleka data, hazihitaji kuchomekwa ukutani. Kwa ofisi yenye kompyuta ya mapajani na umeme unaokatika, hilo lina thamani kuliko nukta 2400 za ziada. Mtengenezaji anasema A4 ya rangi kwa nukta 300 inachukua kama sekunde 10 kwa ya kwanza na sekunde 8 kwa ya pili. Ongeza sekunde 15 za kufungua kifuniko, kubadilisha karatasi na kuinyoosha. Fomu 200 zitachukua sekunde 5,000 kwa moja na 4,600 kwa nyingine. Tofauti haifiki dakika saba kwa kazi inayozidi saa nzima. Kinachokula muda ni mkono wa karani. Ofisi yenye maelfu ya kurasa inahitaji skana inayovuta karatasi yenyewe, na skana bapa ya kawaida haina kivutio hicho.

Tumebakiza leja, na humo ndimo swali lilimofichwa. Skana nyembamba za bei nafuu hutumia vihisi vilivyopangwa safu moja yenye upana wa karatasi, karibu kabisa na kioo. Aina hii huitwa CIS. Ni nyepesi na haili umeme mwingi, lakini inaona vizuri kilicholala juu ya kioo tu. Leja nene ukiilaza, sehemu ya katikati kwenye mshono huinuka, na tarakimu za huko hutoka na ukungu au kivuli cheusi. Aina nyingine, CCD, hutumia vioo vya kuakisi na lenzi, hivyo inaona hata kilichoinuka kidogo. Ila ni nene, nzito, na kwa kawaida ina waya wake wa umeme. Skana zote mbili tulizozitaja ni CIS. Kwa hiyo nukta 4800 hazitaisaidia ofisi kuusoma mshono wa leja hata kidogo. Kamera ya simu nzuri, ikishikwa sawasawa mahali penye mwanga wa kutosha, inaweza kuushinda ufito huo kwenye mshono.

Pima kioo pia. Kioo cha skana ya A4 kina urefu wa takriban milimita 297. Fulskapu za zamani zina urefu wa inchi 13 hivi, yaani milimita 330. Milimita 33 za chini zinabaki nje, na chini ndiko sahihi na mhuri hukaa. Fomu ya mkopo isiyo na sahihi haimbani mtu.

Ukikuta skana iliyotumika inauzwa kwa bei ya kutupa, uliza kwanza kuhusu programu endeshi, ile mafundi wanayoiita draiva. Mashine inaweza kuwa nzima kabisa lakini mtengenezaji aliacha kuiandalia draiva za mifumo mipya, na kompyuta yako isiitambue. Omba ichomekwe kwenye kompyuta mbele yako. Skani karatasi nyeupe tupu: mstari wima unaoonekana kutoka juu hadi chini unaashiria uchafu au kihisi kilichokufa. Futa kioo kwa kitambaa laini, rudia. Mstari ukibaki palepale, irudishe rafuni.

Jibu la swali letu sasa linaweza kuandikwa hivi: "Ofisi inunue skana ya kwanza. Fomu na vitambulisho vinahitaji nukta 300 hivi kwa inchi, na picha ya pasipoti ikikuzwa mara nne inahitaji 1200, hivyo 2400 zinatosha. Ukali wa 4800 kwa A4 ya rangi ungezalisha takriban gigabaiti 6.7 kwa ukurasa kabla ya kubanwa, na ungejaza diski bila faida. Kabla ya kulipa, ofisi ihakikishe kuwa draiva inakubaliana na mfumo wa kompyuta yake na kwamba karatasi zake zote zinaenea kwenye kioo. Ikiwa skana ni ya CIS, kurasa za leja zipigwe picha kwa kamera au itafutwe skana ya CCD, kwa sababu mshono hautasomeka." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wengi watakayoisahau, na leja ilitajwa ndani ya swali kwa makusudi.